Dakika Arobaini Mbele

Jumatatu, 9 Juni

Nimeanza daftari jipya. La zamani limejaa, tena lina mambo ambayo Baba Watoto hapaswi kuyasoma. Hili nimelificha chini ya beseni la nguo chafu. Huko hakuna mwanamume aliyewahi kutia mkono.

Zimebaki siku tano. Jumamosi saa nne kamili asubuhi binti yangu, kifungua mimba wangu, anafanya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Haufanyiwi darasani. Unafanyiwa hapa hapa nyumbani, kwenye kompyuta, juu ya meza ninayopigia pasi. Ikifika saa nne kamili ukurasa wa mtihani unajifunga. Aliyeingia kaingia. Aliye nje, tuonane mwakani.

Na sisi hiyo "tuonane mwakani" tumeshaambiwa mara moja. Mwaka jana mtihani ulikuwa chuoni kwenyewe. Binti akafika dakika kumi baada ya geti kufungwa. Mlinzi alimhurumia, lakini huruma haina ufunguo. Mtoto akarudi, akalala siku mbili ameelekea ukutani. Nami siku hizo mbili nilipiga pasi bila kuona, nikaunguza kola ya mwalimu mkuu.

Haitatokea tena. Labda niwe nimeshazikwa, na hata hapo nitagonga.

Nyumba hii saa huwa nazilea mimi. Ya ukutani iko mbele dakika ishirini, kwa ajili ya Baba Watoto. Bila hivyo angekuwa anafika ghalani wenzake wananawa mikono wale cha mchana. Ya mkononi mwake iko mbele kumi na tano. Hajui. (Au anajua? Hajui.) Simu yangu ndogo ya vibonyezo kila ikizima inaanza upya saa sita, kwa hiyo hiyo haihesabiki. Simu kubwa ya binti niliifua wiki iliyopita ikiwa ndani ya mfuko wa suruali. Ilitakata, ila haikuwaka tena.

Imebaki kompyuta. Ofisini kwa shangazi yake walikuwa wanaitupa, shangazi akaidaka. Kumbe nayo ina saa! Iko chini pembeni, ndogo kama sisimizi. Na ndiyo hiyo binti anayoitazama kutwa akijisomea.

Leo alipokwenda dukani nilikaa kitini. Niliishia darasa la nne, lakini darasa la nne la zamani. Nilishamwibia kwa macho anavyobonyeza. Nikabonyeza pembeni. Nikabonyeza kingine. Ikaniuliza jambo, nikakubali. Ikaniuliza tena, nikakataa, isije ikanizoea. Mara saa ikafunguka! Nikaisogeza mbele dakika arobaini.

Yaani binti akiona ni saa nne, kumbe ni saa tatu na dakika ishirini tu. Atakuwa ameshatulia kitini, maji ameshakunywa, dua ameshaomba. Wala hatajua ni nani aliyemwokoa.

Nimejitengenezea chai ya ushindi. Sukari vijiko vitatu.

Jumanne, 10 Juni

Mtu ameirudisha saa!

Asubuhi nilipita karibu na kompyuta kama mtu anayetafuta kitambaa. Ukutani, saa mbili na dakika ishirini. Kompyuta, saa mbili kamili. Nikahesabu kwa vidole vya mikono, nikahakiki kwa vya miguu. Arobaini zangu zote zimeyeyuka. Nikazirudisha. Baada ya chakula cha mchana nikachungulia: hazipo!

Mshukiwa wa kwanza, Baba Watoto. Nilimzungukia kwa mbali, nikamuuliza kama ameona kompyuta inasumbua upande wa saa. Akasema yeye kompyuta huwa anaipita kama anavyompita mbwa aliyefungwa, maana hajui kamba yake ina urefu gani. Nilimtazama masikio. Akidanganya huwa yanasogea. Hayakusogea.

Mshukiwa wa pili, Bi Dakika.

Huyu ni jirani yetu wa mlango wa pili. Alikaa mapokezi hospitalini miaka thelathini. Yeye kastaafu, saa yake imekataa kustaafu. Haivui hata akiosha vyombo. Ukimwambia habari za asubuhi ilhali imeshafika saa sita na dakika moja, anakusahihisha kwanza ndipo anaitikia. Leo kaleta mapazia ya kupigwa pasi. Akatazama ukutani kwangu, akatazama mkononi kwake, akacheka kwa pua. Akasema nyumba hii mtu akitoka jikoni kwenda sebuleni inabidi awe na pasipoti.

Nikamuuliza, kwa heshima zote, kama kuna siku amegusa kompyuta ya watu. Akajibu kwamba yeye hagusi mali ya mtu, yeye hugusa ukweli tu. Mdomo huo! Mapazia yake nimeyapiga pasi, ila pindo moja nimeliacha na kunyanzi. Anajua Mungu kwa nini.

Watu wanadhani siwezi kujua saa bila kuulizia. Mimi dobi miaka kumi na nane! Uani kuna ukuta wa ghorofa ya jirani, upande linakochomoza jua. Asubuhi kivuli chake kinafunika kamba yangu yote, kisha kinarudi nyuma shuka moja moja. Kikiliacha shuka la tatu kutoka getini, ni saa nne. Hapo ndipo ninapogeuza nguo. Sijawahi kukosea.

Lakini binti hasomei kwenye kamba. Anasomea kwenye kompyuta. Na mwizi wa dakika zangu lazima nimkamate.

Jumatano, 11 Juni

Nimemkamata. Nasimulia kwa utaratibu.

Binti alikwenda kwa rafiki yake kuazima kitabu. Nikazisogeza arobaini zangu, nikachukua kigoda, nikakaa mbele ya kompyuta na kapu la soksi. Nilisema leo sitoki. Atakayekuja kuigusa atanikuta.

Hakuja mtu. Soksi ya kwanza, ya pili, ya tisa. Nikiwa kwenye ya kumi na moja, saa ikaruka! Yenyewe! Mbele ya macho yangu haya! Ilikuwa saa sita kasoro tano, mara ikawa saa tano na robo. Hakuna mkono. Hakuna upepo. Nilipiga yowe, nikaifunika kompyuta kwa shuka la mteja, nikatoka mbio mpaka getini na soksi moja mkononi.

Nikaenda kwa fundi kompyuta pale kona, yule kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwambia kompyuta yetu imeingiliwa. Akaniuliza dalili. Nilipomaliza kumweleza aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanacheza. Nikadhani analia kwa kutuonea huruma. Kumbe anacheka!

Akanielewesha. Akasema, mama, mbali huko ziko kompyuta ambazo kazi yake ni moja tu, kutunza saa sahihi. Hazipiki, hazifui. Ya kwenu kila baada ya muda inapitia kwenye mtandao, inaenda kuziuliza, shikamoo, saa ngapi sasa? Inajibiwa. Ikikuta iko mbele au nyuma, inajirekebisha. Na tena, akasema, inahesabu hata jibu limetumia muda gani njiani, ili isipitwe na nukta.

Nimekaa na maneno hayo mpaka sasa. Inahesabu hata muda wa njiani! Hata Bi Dakika hajafika huko. Yaani ndani ya nyumba yangu nimeweka mmbeya. Kila nikisema jambo langu la siri anatoka mbio kwenda kuulizia kwa wakubwa kama ni kweli.

Nikamuuliza fundi kama hao watunza saa wana mkubwa wao ambaye mtu anaweza kuongea naye. Nilikuwa na ombi dogo. Wadanganye kwa nyumba moja tu, mpaka Jumamosi. Fundi aliangusha bisibisi.

Akasema kuna mahali pa kuzima huko kuuliza. Lakini akanionya, mama, nakuomba usipaguse. Mitihani hii ina masharti. Saa ya kompyuta ikikosana na saa ya mtandao, mlango wa mtihani haufunguki.

Nikamwambia sitagusa kabisa. Ila anionyeshe palipo, nisije nikapagusa kwa bahati mbaya.

Akanionyesha. Watu wapole ni neema. Nimemwahidi mashati matano bure.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepagusa.

Ni kitufe kidogo tu, cha kulala upande huu au upande ule. Nikakilaza. Nikasogeza arobaini. Nikangoja. Kapu zima la soksi limeisha, saa haijaruka! Imetulia kama mkwe siku ya kwanza. Nikaipangusa vumbi, nikaiambia tutaelewana.

Binti leo ameanza kusoma mapema mno bila kujua. Nilimpelekea uji na karanga. Roho yangu nyeupe.

Lakini jioni akatusomea masharti ya mtihani kwa sauti, mimi na baba yake tukiwa tumekaa. Sharti la kwanza, awe peke yake chumbani. La pili, kamera imwone uso. La tatu, saa ya kompyuta ioane na saa ya mtandao, vinginevyo hataruhusiwa kuingia. Pale kwenye la tatu nilikohoa. Baba Watoto akanitazama. Akatazama saa ya ukutani. Akanitazama tena. Sikupenda lile tazamo la pili.

Hakuna cha kuhofia. Nimepanga vizuri. Jumamosi mtoto atakaa kitini mapema kwa ajili ya zile arobaini. Akishakaa, mimi nitasema nafuta vumbi, nakilaza kitufe upande wake wa zamani, mmbeya anakwenda kuulizia saa, tunakuwa wakweli kama watu wengine. Uongo wenyewe hautakaa siku tatu. Hata nguo iliyolowekwa hukaa zaidi.

Binti leo alinikumbatia bila sababu, akasema, mama, nikishindwa safari hii sitajaribu tena, nitakaa tupige pasi wote. Alisema akicheka. Mimi nimekwenda uani nikalia kidogo nyuma ya mashuka.

Pasi nitapiga mimi. Yeye atavaa zilizopigwa.

Ijumaa, 13 Juni

Siku njema, ila imepita upesi ajabu.

Mchana nilipeleka mashuka nyumba ya wageni. Niliporudi nikamkuta Baba Watoto ametoka kazini mapema, anapiga mluzi. Juu ya meza kuna bisibisi. Nikauliza ya nani. Akasema fundi kompyuta alipita kuipuliza vumbi mashine isije ikazimika kesho katikati ya mtihani. Nikafurahi sana. Mwanamume anayefikiria vumbi! Masikio yalisogea kidogo alipokuwa anasema, lakini nadhani ni nzi.

Kisha akachomoa betri za saa ya ukutani, akazirudisha kwenye redio yake, maana kesho wakati wa zamu yake ghalani kuna mpira. Saa ya ukutani imekufa saa kumi na nusu. Haidhuru. Nimebaki na ya kompyuta na hesabu zangu kichwani.

Baadaye nikachungulia kompyuta, inasema saa kumi na mbili na nusu. Nikatoa arobaini: saa kumi na mbili kasoro kumi. Nikashangaa nje giza limeshaingia. Juni hii mawingu yamezidi.

Bi Dakika akapita kufuata mapazia yake. Akasema kesho mtoto asichelewe. Nikamjibu kwamba nyumba hii kesho tutakuwa mbele ya kila mtu. Akauliza mbele kwa dakika ngapi. Nikafunga dirisha.

Blauzi nyeupe ya binti nimeiloweka. Nitaipiga pasi asubuhi, ikae na moto wake.

Jumamosi, 14 Juni

Ni alasiri. Acha niandike.

Baba Watoto aliondoka na redio yake kabla mtoto hajaamka. Binti aliamka mwenyewe. Akakaa kwenye kompyuta na khanga yake, macho mekundu, vidole vinacheza. Kompyuta inasema saa tatu na dakika tano. Nikatoa arobaini moyoni. Saa mbili na dakika ishirini na tano. Tele! Nikamwambia inuka mwanangu, huwezi kwenda mbele ya kamera hivyo, watadhani tumekutoa kwenye gunia. Kula kwanza. Uoge. Mimi nanyoosha blauzi.

Akala. Akatazama kompyuta, saa tatu na dakika ishirini na tano. Akasema, mama, si tuanze? Nikatabasamu. Nikamwambia mama yako anajua mambo ya saa, tulia, maji yako ya kuoga yamepata moto. Naye akatabasamu, akasema haya mama. Sikuelewa lile tabasamu lake. Nimelielewa baadaye.

Akaingia kuoga. Mimi na blauzi. Kola, mikono, kifungo hadi kifungo. Nikaona bega la kushoto lina mstari. Nikarudia. Nilikuwa naimba!

Mara Bi Dakika dirishani. Kichwa na mkono wenye saa, vyote viwili vimeingia ndani ya nyumba yangu. Akauliza kama siku hizi mitihani inafanyiwa bafuni. Nikamwambia muda bado. Akasema, "Bado wapi, mama we! Saa nne kasoro dakika kumi!" Akanisogezea mkono karibu na pua.

Ndugu zangu, nilimjibu vibaya. Nilisema kuna watu kazi yao ni kutisha watoto wa wenzao. Nikasema saa ikikaa miaka thelathini mkononi nayo huchoka. Nikasema na mapazia yake yana kunyanzi.

Hakunijibu kwa ukali, na hilo ndilo lililonichoma. Aliutoa mkono wake dirishani polepole. Akasema, "Haya. Saa ni yako, na mtoto ni wako." Akaenda zake.

Nikabaki na pasi hewani. Daftari langu linasema arobaini. Bi Dakika anasema kumi zimebaki. Mmoja wetu ni mwongo, na mimi ninamjua mwongo wa mtaa huu, namwosha uso kila asubuhi. Lakini arobaini niliziweka kwa mkono wangu! Kitufe nilikilaza mwenyewe!

Nikatoka uani nipate hewa. Mashuka ya nyumba ya wageni niliyatundika alfajiri. Nikatazama bila kutaka kutazama. La kwanza kutoka getini, jua. La pili, jua. La tatu, jua mpaka pindoni, kimebaki kivuli cha upana wa kiganja.

Kiganja!

Kompyuta inaweza kunigeuka. Jirani anaweza kunionea wivu. Kamba ile haijawahi kunidanganya hata siku moja, kwa sababu ndiyo pekee ambayo sijawahi kuisogeza.

Nilipiga ukelele ambao mpaka sasa majirani wanauliza nani kafa. Nikavunja komeo la bafu. Nikamtoa mtoto na povu masikioni. Tulikimbia sebuleni, yeye anavaa khanga, mimi namvalisha blauzi, mkono mmoja umeingia, wa pili unatafuta. Akakaa. Akabonyeza. Ukurasa ukafikiri. Ukamuuliza jina. Ukamuuliza namba. Ukaikagua saa ya kompyuta, nami nikafumba macho, maana kitufe! Sikukigusa kitufe! Nilikuwa nisubiri akae! Nikajua basi, nimemmaliza mwanangu kwa vidole hivi hivi nilivyomlea navyo.

Ukakubali. Ukaandika karibu. Zilibaki sekunde ishirini na mbili.

Sharti la kwanza lilitaka awe peke yake. Nilitoka kwa magoti ili kamera isinione, nikakaa nje ya mlango saa mbili nzima nimekumbatia pasi, nashukuru imepoa. Anasema juu alikuwa nadhifu kabisa. Chini khanga, na miguu ya povu.

Baba Watoto alirudi mchana, tukaambizana ukweli. Jana alimwomba fundi akirudishe kitufe, kompyuta ikaulize saa upya. Hakuniambia, akasema ningekilaza tena. Yaani! Mume wa ndoa ananificha jambo la saa ndani ya nyumba yangu! Nikamuuliza ni watu gani wanaoishi kwa kufichana hivi. Akavua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani, akasema miaka tisa amekuwa akiitoa dakika kumi na tano.

Binti naye akakohoa. Kumbe toka Alhamisi alijua kompyuta iko mbele arobaini. Asubuhi naye alikuwa anatoa. Ndiyo maana alikubali kuoga! Nikadanganya, nikadanganyika, na niliyemdanganya alikuwa ameshajua.

Sina hamu ya chai.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda kwa Bi Dakika na mapazia yake, nimeyarudia yote, pindo limenyooka kama wembe. Nikamwomba radhi. Akanikaribisha ndani, akaniwekea kiti, akasema amenisamehe, na nilipofika mlangoni kwake ilikuwa saa tano na dakika tatu. Nikavumilia. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba jana hakwenda kwake, alibaki nyuma ya geti letu mpaka aliposikia ukelele wangu. Alikuwa ameshajiandaa kuvunja mlango.

Nilimshika mkono. Ule wenye saa.

Jumatano, 18 Juni

Amepita!!!

Jina lake lipo! Tumelisoma mara saba, kila mmoja kwa zamu, hata mimi kwa darasa langu la nne. Nimelia juu ya shuka la mteja, itabidi nilifue tena. Bi Dakika kaja, kamkumbatia mtoto, kasema muuguzi anayejua thamani ya dakika anaokoa watu. Halafu kanikonyeza. Nimempikia chai.

Masomo yanaanza Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi.

Saa mbili! Kamili! Na chuo chenyewe kiko ng'ambo ya mji!

Jioni kikaitishwa kikao. Baba Watoto alisimama mbele ya kompyuta akisoma saa kwa sauti kama mtangazaji, binti akapanga ya ukutani, akapanga ya mkononi, akapanga hata simu yangu ya vibonyezo. Nyumba nzima imekuwa na saa moja. Inatisha. Kisha wakaniapisha. Nikanyoosha mkono mbele yao wote na Bi Dakika shahidi: kuanzia leo sitagusa saa yoyote ya nyumba hii, kitufe chake wala betri yake. Nimeapa kwa moyo mmoja, na kiapo changu nitakishika mpaka kaburini.

Wao wakaingia kula. Mimi nikatoka uani na jembe.

Nimeng'oa nguzo zote mbili za kamba ya nguo, nimezichimbia upya hatua mbili mbali zaidi na ule ukuta wa ghorofa. Kivuli sasa kitaliacha shuka la tatu mapema zaidi. Nakisia dakika arobaini hivi. Kamba si saa. Haina betri, haina kitufe, wala haiendi kuulizia kwa mtu. Na katika nyumba hii anayeisoma ni mimi peke yangu, kwa hiyo hakuna atakayejua kiasi cha kutoa.

Kazi iliyobaki ni ndogo. Nisahau kwamba nimeisogeza.